Maji ya Betri Si Maji

Na Tabibu Msaidizi wa zahanati ya kijiji, Arumeru

 

Leo katika ukurasa wetu wa afya hatuzungumzi juu ya malaria wala kuhara. Tunazungumza juu ya betri ya gari.

Utauliza: betri na afya vinahusianaje? Betri ni kazi ya fundi. Tabibu anatafuta nini gereji? Jibu ni rahisi. Betri ikiharibika hupelekwa kwa fundi. Lakini betri ikimlipukia mtu usoni, mtu huyo hapelekwi kwa fundi. Analetwa zahanati. Mimi ni kijana, nina cheti cha utabibu tu, lakini macho yaliyoungua kwa tindikali nimeyaona.

Maoni yangu ni matatu. Kwanza, tuache kuiita tindikali "maji". Pili, kila kijiji kiwe na mahali maalumu pa kuchajia betri, penye hewa, maji na miwani. Tatu, betri iliyokufa isipasuliwe kijijini kwetu. Nitaeleza moja moja.

BETRI ZIKO KILA MAHALI

Kuzunguka Mlima Meru betri ni nyingi. Ziko kwenye magari ya watalii na daladala za barabara ya Arusha na Moshi. Ziko kwenye matrekta ya mashamba ya Usa River. Ziko pia ndani ya nyumba. Umeme umefika vijiji vingi, lakini haujafika kila boma. Mwenye paneli ya jua anahitaji betri ya kutunza umeme wa usiku. Siku za mawingu paneli haishibishi betri, na mwenyewe huibeba kwenye pikipiki kuipeleka kuchajiwa.

Betri inatupa taa. Mtoto anasoma usiku. Simu inapata chaji, redio inasema. Sisemi tuziache betri. Nasema tuzijue.

NDANI YA BETRI KUNA NINI?

Betri ya kawaida ya gari ni ya volti 12. Ndani ina vyumba 6. Kila chumba kinatoa volti 2 hivi. Katika kila chumba kuna mabamba ya risasi. Hii ni risasi ya madini, yale mazito, laini, yenye rangi ya kijivu. Mabamba hayo yamezama ndani ya tindikali iliyochanganywa na maji. Tindikali hiyo inakula nguo, inakula chuma, inakula ngozi na jicho.

Betri inapochajiwa, hasa inapokaribia kujaa, maji yaliyomo hugawanyika kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Gesi hizi hazionekani wala hazina harufu. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo hupanda na kukaa chini ya dari. Ikifika sehemu 4 tu katika sehemu 100 za hewa, inaweza kushika moto. Cheche moja inatosha. Kasha la betri hupasuka kama bomu, na tindikali humrukia aliyeinama juu yake.

Basi kumbuka hatari tatu za betri: tindikali, gesi na risasi. Tindikali inaunguza leo. Gesi inalipuka mara moja. Risasi inaharibu polepole, na wanaoumia zaidi ni watoto.

JINA LINALODANGANYA

Nenda duka la vipuri mjini Arusha. Utakuta chupa mbili. Moja ina maji safi kabisa, yaliyopatikana kwa kuchemsha maji na kukusanya mvuke wake. Haya huongezwa kwenye betri inayotumika, maji yake yanapopungua. Chupa ya pili ina tindikali. Hii hujazwa kwenye betri mpya mara ya kwanza.

Chupa zote mbili zina kitu cheupe kama maji. Na zote mbili watu huziita "maji ya betri".

Hapo ndipo balaa linapoanzia. Baba ananunua tindikali. Inayobaki anaimimina kwenye chupa ya soda, anaiweka chini ya kitanda. Anamwambia mama, "Hayo ni maji ya betri." Mama anasikia neno "maji". Mtoto anarudi kutoka shule ana kiu. Anaona chupa ya soda, na ndani anaona maji. Je, kosa ni la mtoto?

Neno "maji" linakaribisha kinywa. Neno "tindikali" linaonya. Kwa hiyo nashauri hivi: yale ya kuongeza tuyaite maji safi ya betri. Ile kali tuiite tindikali, na tusiipe jina jingine, dukani, gereji na nyumbani.

Na wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, hapa ndipo elimu yako inapofanya kazi. Chukua karatasi na kalamu. Andika kwa herufi kubwa: TINDIKALI. SUMU. Bandika kwenye chupa. Chora na fuvu la kichwa na mifupa miwili, ili asiyejua kusoma naye aonywe. Usiweke tindikali kamwe katika chupa ya soda, ya maji ya kunywa au ya mafuta ya kula. Ifungie mahali asipofika mtoto.

KUPIMA BETRI

Wapo wanaopima betri kwa kugusanisha nyaya ili waone cheche. Wapo wanaowasha kiberiti au kibatari ili waone ndani kama maji yamepungua. Njia hizo ni mbaya. Ni kuipelekea gesi moto kwa mkono wako mwenyewe.

Kijana mmoja, saidia fundi, aliletwa zahanati kwetu baada ya kuwasha kiberiti juu ya betri iliyotoka kuchajiwa. Wenzake walimtia maziwa machoni, kisha wakaenda kutafuta gari. Muda mrefu ulipotea njiani. Ndoo ya maji safi ilikuwa pale pale mlangoni. Tulimwosha macho, tukampeleka hospitali. Jicho moja lilipona. La pili halioni tena.

Upimaji mzuri ni huu. Kwanza tazama kasha kwa macho, mchana au kwa tochi. Likiwa limevimba, limepasuka au linavuja, usiichaji betri hiyo.

Pili, tumia mita ya volti. Iache betri itulie saa kadhaa baada ya kuchajiwa au kutumika, kisha pima. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Ikisoma 11.9 au chini ya hapo imekwisha.

Tatu, kwa betri yenye vifuniko, fundi hutumia haidromita. Hiki ni kibomba chenye mpira wa kunyonyea na boya ndani yake. Boya likielea juu, tindikali ina nguvu. Likizama, imepungua nguvu. Chumba kilichojaa husoma 1.26 hivi. Kilichoisha husoma 1.15 au chini. Pima vyumba vyote 6. Vitano vikiwa vizuri na kimoja kikiwa chini sana hata baada ya kuchaji, chumba hicho kimekufa. Kuendelea kuichaji betri hiyo ni kuchemsha tindikali bure.

KUCHAJI BETRI

Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

1. Chaji nje penye kivuli, au katika banda lenye hewa. Banda liwe na matundu juu karibu na paa, kwa sababu haidrojeni hupanda juu. Usichaji chumba cha kulala, wala jikoni karibu na moto.

2. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu za mpira na nguo ya mikono mirefu. Vua pete na saa ya chuma. Chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja, hupata moto ghafla na kuunguza.

3. Weka ndoo mbili za maji safi karibu kabla hujaanza.

4. Hakikisha matundu ya kutolea hewa kwenye betri hayakuziba. Tindikali ikiwa imeshuka hadi mabamba yanaonekana, ongeza maji safi ya betri kiasi cha kuyafunika tu. Usijaze. Mengine utaongeza baada ya kuchaji.

5. Chaja ikiwa imezimwa, unganisha waya mwekundu kwenye kichwa chenye alama ya kujumlisha (+). Unganisha mweusi kwenye kichwa chenye alama ya kutoa (-). Ndipo uwashe chaja.

6. Chaji polepole. Kwa betri ya kawaida ya gari, nguvu ya chaja iwe sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Betri imeandikwa 50 Ah? Basi chaja isizidi ampea 5. Betri iliyokwisha itachukua saa 10 hadi 12. Haraka inaua betri na inazidisha gesi.

7. Gusa ubavu wa betri mara kwa mara. Ikiwa ya moto, au ukisikia harufu ya yai bovu, zima chaja ukutani na utoke upate hewa. Usiiguse betri hiyo mpaka ipoe.

8. Ukimaliza, zima chaja kwanza. Ndipo utoe nyaya. Anayetoa nyaya chaja ikiwaka anatengeneza cheche palipojaa gesi.

9. Usivute sigara wala kuwasha kibatari mahali hapo. Watoto wasikaribie.

Na kama unawasha gari kwa betri ya gari jingine, unganisha kwanza nyekundu kwa nyekundu. Kisha funga mweusi kwenye betri nzima. Ncha ya mwisho ya mweusi ifunge kwenye chuma cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri yake. Cheche ya mwisho itatokea hapo, isitokee juu ya betri. Kutoa, anza na ile uliyofunga mwisho.

MAJI YA MTO HAYAFAI

Wengine huongeza maji ya mfereji kwenye betri. Sisi wa Meru tunajua maji yetu. Sehemu nyingi za hapa, kama Ngarenanyuki, maji yana madini mengi ya floraidi. Ndiyo sababu wengi wetu tuna meno ya kahawia. Maji yanayobadilisha rangi ya meno ya mtu hayafai kwa mabamba ya betri. Chumvi na madini yake huharibu betri mapema. Nunua maji safi ya betri.

Tena usiongeze tindikali kwenye betri iliyopungua maji. Kinachopungua kwa kuchaji ni maji, tindikali hubaki. Na fundi anayechanganya tindikali akumbuke: tindikali humiminwa polepole ndani ya maji. Maji hayamiminwi kamwe ndani ya tindikali, kwani huchemka na kuruka.

IKITOKEA AJALI

Dawa ya kwanza ni maji safi mengi, hapo hapo. Gari litafutwe wakati mgonjwa anaendelea kuoshwa.

Tindikali ikiingia jichoni: mlaze au mwinamishe mgonjwa, jicho lililoumia liwe upande wa chini, ili maji yasipeleke tindikali kwenye jicho zima. Fungua kope kwa vidole. Mimina maji safi taratibu bila kukoma kwa dakika 20 au zaidi. Asisugue jicho. Usitie maziwa, asali, mafuta wala dawa ya majani. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema anaona vizuri.

Ikimwagikia ngozi: vua nguo zilizolowa mara moja. Osha kwa maji mengi dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala magadi.

Mtu akiinywa: asukutue mdomo kwa maji na kutema. Usimtapishe. Tindikali iliyounguza koo ikishuka itaunguza tena ikipanda. Usimlazimishe kunywa kitu. Mkimbize hospitali, na uchukue ile chupa tuione.

Magadi tunayopikia maharage, au majivu ya jikoni, yanafaa kwa jambo moja: kumwagia tindikali iliyomwagika sakafuni. Itatoa povu na kupungua ukali. Hiyo ni kwa sakafu, si kwa mwili wa mtu.

BETRI ILIYOKUFA

Sasa nije kwenye ile hatari ya polepole. Betri ikifa, wapo wanaoipasua. Humwaga tindikali kwenye mfereji na kuuza mabamba kama chuma chakavu. Wengine huyayeyusha kwenye moto uani, kuku na watoto wakizunguka.

Ndugu msomaji, mifereji yetu inatoka mlimani na kushuka boma hata boma. Unachomwaga wewe wa juu, wa chini anakikuta kwenye migomba yake na kwenye ndoo yake.

Vumbi na moshi wa risasi huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono michafu. Mtoto hupungukiwa damu, huumwa tumbo, huwa mzito wa kujifunza. Ikizidi sana hupata degedege na kufa. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Na akili iliyopotea kwa risasi, sisi matabibu hatuwezi kuirudisha.

Haya si maneno ya kutishana. Huko Senegal, mtaa wa Thiaroye-sur-Mer jijini Dakar, watu walikuwa wakipasua betri na kuchekecha udongo wenye risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa.

Jirani zetu wa Kenya nao wamepata. Mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kuanzia mwaka 2007. Watu wakaugua, watoto wakaonekana wana risasi katika damu. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani hapo, aligundua kwamba mwanawe amedhurika. Akawaunganisha wakazi wakadai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Amri hiyo ilitenguliwa katika rufaa, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Fedha ni haki yao. Lakini hakuna fedha inayoitoa risasi katika akili ya mtoto.

Kwa hiyo uza betri iliyokufa ikiwa nzima, na tindikali yake ndani. Uza kwa mnunuzi mwenye kibali cha kukusanya taka hatari. Ofisa mazingira wa halmashauri anaweza kukueleza ni nani.

WANAOPINGA WASEMAJE?

Wapo watakaosema, "Tumechaji betri miaka 20, hatujaona ajali." Nawajibu: kisima kisicho na mfuniko nacho hukaa miaka 20 kabla mtoto hajatumbukia. Hatungoji atumbukie ndipo tukifunike.

Wapo watakaosema, "Miwani ni gharama." Ni kweli, fedha ni ngumu. Lakini miwani hununuliwa dukani. Jicho haliuzwi Kilombero wala Tengeru. Tena gharama hiyo si ya saidia fundi. Ni ya mwenye duka la kuchaji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake.

Wapo pia wanaotaka serikali ipige marufuku kuchaji betri vijijini. Siungi mkono. Ukipiga marufuku, watu watachaji kwa siri, ndani, milango imefungwa. Hiyo ni hatari zaidi. Kazi yenye hatari iwekwe mahali pa wazi, chini ya utaratibu.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Mwaka 1973 wazee wetu waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, wakazungumza, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja daktari aje awachimbie. Nasi tunaweza.

Tulipeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Serikali za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikikubaliwa na halmashauri ya wilaya. Sheria yetu iwe fupi, kila mtu aielewe: betri zichajiwe kwenye banda lenye hewa. Banda liwe na maji, miwani na glavu. Mtoto asifanye kazi hiyo. Tindikali isiuzwe bila kuandikwa jina. Betri isipasuliwe, na tindikali isimwagwe mferejini.

Banda lenyewe si jambo kubwa. Nguzo, mabati, meza ya mbao, pipa la maji. Mafundi seremala tunao. Kinachotakiwa ni kuamua.

Basi leo, kabla hujalala, tazama chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Ukikuta chupa ya "maji ya betri", iandike jina lake la kweli.

Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika kijiji chenu betri huchajiwa wapi? Je, hewa inapita?
2. Kwa nini si vizuri kuiita tindikali "maji"?
3. Tindikali ikimwingia mwenzako jichoni, utafanya nini kwanza? Kwa dakika ngapi?
4. Betri zilizokufa kijijini kwenu huenda wapi?
5. Andikeni pamoja sheria ndogo moja juu ya betri. Mpeni mwenyekiti wa kijiji.